Mwalimu wa tafsiri kamkata mdogo wangu alama 5 kwa neno "bully", na aliyekosea ni yeye!

Wakuu, nina hasira tangu jana jioni na safari hii sinyamazi.

Mdogo wangu anasomea tafsiri chuo kimoja, jina naliacha. Walipewa kipande cha A Midsummer Night's Dream ya Shakespeare wakitie kwenye Kiswahili. Ni pale mafundi wanamsikitikia mwenzao Bottom aliyepotea, na Flute analia: "O sweet bully Bottom!" Dogo akaandika, "Ewe Bottom, kipenzi chetu!" Karatasi imerudi na wino mwekundu: "Bully ni mwonevu. Tumia kamusi." Alama 5 kati ya 20 zimekwenda.

Jamani! Mtu amlilie mwonevu wake kwa maneno matamu hivyo? Si usome kwanza sentensi yenyewe?

Neno hili lilipoanza kuandikwa, miaka ya 1530, lilikuwa la mahaba, mpenzi wa kike au wa kiume. Enzi za Shakespeare likawa la wanaume walioshibana, kama sisi tunavyoitana "mwanangu". Kwenye tamthilia yake nyingine, Henry V, usiku wa kuamkia vita vya Agincourt, askari Pistol anasema anampenda mfalme, "the lovely bully", na hajui kwamba anayeongea naye gizani ndiye mfalme mwenyewe. Hapo napo tuandike mwonevu?

Uonevu ulikuja baadaye, karne ya 17 ikielekea ukingoni, kutokana na watu wa majigambo na ubabe. Halafu akaitwa bully hata yule anayewasimamia makahaba na kula jasho lao. Huko Marekani sifa ilibaki: karne ya 19 "bully for you" ilikuwa hongera, na Rais Theodore Roosevelt alipouita urais "bully pulpit" alimaanisha jukwaa safi kabisa la kusemea. Kila nikikuta imetafsiriwa "jukwaa la uonevu" nachoka.

Na huyu mwalimu ni Mswahili mwenzetu! Kila siku anasikia vijana wa kijiweni wakiitwa masela, na msela asili yake ni baharia. Mbona hapo haulizi meli iko wapi?

Alama tutazidai. Kinachoniuma ni kwamba dogo alikaa maktaba siku nzima na kamusi kubwa ya Oxford, ile inayopanga maana kwa umri wake, akanakili kila kitu. Alipoipeleka ofisini akaambiwa anajifanya mjuaji. Sasa ananiambia, "Kaka, mara nyingine nitaandika anachotaka yeye." Mtoto aliyekuwa ananiamsha usiku kunisomea asili ya maneno!

Mliopita vyuoni nisaidieni: kuomba karatasi isahihishwe upya na mtu mwingine tunaanzia kwa mkuu wa idara, au kwa barua? Kopi ninayo, na kesho saa mbili asubuhi niko mlangoni kwao.