Namhoji mgonjwa vizuri, lakini mbele ya daktari bingwa nababaika

Mwaka wa Tatu
Wakubwa, shikamooni. Ninasomea udaktari na muhula huu tumeanza kuingia wodini. Nikikaa na mgonjwa namhoji kwa Kiswahili bila tabu, ila raundi ya kupitia wagonjwa kitanda kwa kitanda inapofika na kutakiwa niwasilishe kwa Kiingereza mbele ya daktari bingwa, wauguzi na wenzangu, moyo hunienda mbio, mikono hutetemeka, na hata umri wa mgonjwa hunitoka. Siku hizi nasimama nyuma kabisa nisionekane, na usiku wa kuamkia zamu yangu silali. Mwenzangu amenishauri nimeze kidonge cha propranololi kabla ya raundi. Je, huu ni uoga wa mgeni wa wodi, au ni ugonjwa?

Daktari wa Mafunzo
Marahaba, mdogo wangu. Kidonge cha kuazima usikimeze. Ni kweli kwamba hupunguza mapigo ya moyo na kutetemeka, lakini kinaweza kumbana pumzi mwenye pumu na kushusha shinikizo la damu, na ile hofu yenyewe huiacha palepale. Omba uwasilishe wa kwanza, kwa sababu kinachotesa zaidi ni kusubiri. Jiandae vizuri kwa sentensi ya mwanzo tu, yaani umri, jinsia, tatizo lililomleta mgonjwa na muda liliodumu. Anayekariri historia nzima neno kwa neno hupotea akikatizwa kwa swali moja.

Mwanasaikolojia
Mtandaoni hatuwezi kukupima. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ambao uliutambua ugonjwa wa hofu ya kijamii, yaani hofu kubwa ya kutazamwa na kuhukumiwa na watu, mwaka 1980, hutazama kama hofu imedumu, kwa kawaida miezi 6 au zaidi, na kama inavuruga masomo au maisha. Kinachonitia shaka katika maelezo yako ni kule kusimama nyuma kuliko kule kutetemeka. Mwaka 1995 wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walieleza kwamba mwenye hofu hii huacha kuwatazama watu akaanza kujichunguza mwenyewe, na kwamba mbinu anazotumia kujificha humnyima nafasi ya kuona kuwa balaa analolitarajia halitokei. Tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na tabia hufanya kazi hasa hapo, kwa hiyo mwone mshauri wa wanafunzi chuoni kwako mapema, kabla ya mitihani ya vitendo.

Mzee wa Wodi
Nakubaliana na waliotangulia, ila tusimtwike mwanafunzi mzigo wote. Wako walimu wanaofundisha kwa kufedhehesha, wakimkaripia kijana mbele ya mgonjwa aliyekuwa akimwita daktari dakika chache zilizopita, na kumwogopa mwalimu wa namna hiyo si ugonjwa hata kidogo. Kijana, mtafute daktari aliye katika mafunzo ya ubingwa kwenye timu yenu, umwombe akusikilize jioni kabla ya raundi. Wengi wao hukubali, maana nao wana raundi zao za kuogopa.