Setilaiti ndogo ya chuo: masafa ya ITU tunaanzia wapi, na UHF ya ridhaa inafaa?

uoto_3U aliandika:

Habari wakuu. Mradi ni wa chuo, Tanzania. Setilaiti ni moja, ya ukubwa wa 3U (vipande vitatu vya sentimita 10 vilivyopangwa pamoja), kwenye obiti ya kilomita 550 inayopita ncha za dunia. Ndani yake kuna kamera ya kupima hali ya uoto mashambani, na kituo cha ardhini kitajengwa Arusha.

Mpango wa redio ulivyo sasa: amri na telemetri (taarifa za hali ya chombo) kwenye 435–438 MHz, yaani UHF, picha zishuke kwenye 2200–2290 MHz, yaani S-bendi, kwa wati 2, antena ya dBi 6, upana wa mawimbi 1 MHz. Aliyetuuzia nafasi kwenye roketi anataka kuona leseni ya masafa miezi 6 kabla ya kurusha. Kurusha kumepangwa miezi 16 kutoka sasa.

Naomba wajuzi mnisaidie: chuo kinaweza kupeleka maombi ITU (Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano) chenyewe? Ile "miaka 7" inayotajwa ni muda wa kusubiri? Bendi ya redio za ridhaa tutaipata bila ada kwa kuwa ni chuo? Na mpango wa S-bendi una kasoro gani?

---

mratibu_masafa alijibu:

Mkuu, nianze na UHF maana hapo ndipo jalada lako, yaani maombi yako ya masafa, litakapokwama kwanza.

435–438 MHz ni ya redio za ridhaa kwa njia ya setilaiti. Kanuni za Redio za ITU, namba 1.56 na 1.57, zinaieleza huduma hiyo kuwa ya kujifunza, kuwasiliana na kuchunguza ufundi, kwa watu wenye kibali cha ridhaa, bila maslahi ya fedha. Kamera ya kupima uoto mashambani haimo humo. Hiyo ni huduma ya uchunguzi wa dunia kwa setilaiti, na amri zake ni za huduma ya uendeshaji wa vyombo vya anga. Kuwa chuo hakubadilishi kitu. Kinachotazamwa ni kazi ya mawimbi, si nani anayetuma. IARU, wanaoratibu masafa ya ridhaa, wataiona kamera kwenye fomu na kuirudisha. Kwenye ridhaa pia huruhusiwi kuficha maana ya ujumbe, isipokuwa amri za kuendesha setilaiti yenyewe.

Wengi wakishagonga hapo hukimbilia namba 4.4, yaani kutumia masafa nje ya jedwali la ITU la mgawanyo wa masafa kwa ahadi ya kutomsumbua mtu na kutodai ulinzi. Sishauri. Tawala nyingine zitakuandikia pingamizi, na mwenye roketi akiliona jalada la namna hiyo atauliza maswali usiyo na majibu yake.

Sasa utaratibu. Chuo hakipeleki chochote ITU. Anayepeleka ni utawala wa nchi, kwenu TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (Kenya ni CA, Uganda UCC, Rwanda RURA). Nyinyi mnaandaa hifadhidata kwa programu ya BR, Ofisi ya Mawasiliano ya Redio ya ITU, mnaipitisha kwenye programu ya ukaguzi mpaka makosa yaishe, kisha TCRA inaituma kwa mfumo wa mtandaoni. Tangu Agosti 2018 mfumo huo ndiyo njia pekee. Jalada litabeba alama TZA na jina la mtandao wa setilaiti. Chagueni jina mapema na msilibadilishe tena, maana barua zote za nchi nyingine zitalitaja hilo.

Hatua ya kwanza inaitwa API, taarifa ya awali. BR huichapisha kwenye IFIC, waraka wake unaotoka kila baada ya wiki mbili. Kuanzia tarehe ya kuchapishwa, nchi nyingine zina miezi 4 ya kutoa maoni, na isiyosema kitu huhesabiwa haina pingamizi. Maoni yakija, mnajibu kwa hesabu na si kwa maneno matamu: nguvu, pembe, muda wa kutuma, vituo vipi vitatumika.

Miaka 7 si muda wa kusubiri. Ni ukomo: tangu BR ipokee taarifa, masafa yawe yameanza kutumika ndani ya miaka 7, la sivyo jalada linafutwa. Mkimaliza kwa miezi 16 hakuna atakayewazuia.

Ratiba yenu kwa miezi hiyo: miezi miwili ya kwanza muafikiane na TCRA kuhusu bendi na kukamilisha hifadhidata. API iwe imetumwa mwezi wa pili. Weka nafasi ya BR kukagua na kuchapisha, ongeza miezi 4 ya maoni, halafu mwezi mmoja au miwili ya kujibu. Hapo uko karibu na mwezi wa kumi, ambao ndio mwenye roketi anataka karatasi. Mkianza mwezi wa tano mmechelewa.

---

desibeli_tatu alijibu:

Mimi niko kwenye S-bendi. Hesabu yako haipiti.

Kifungu cha 21 cha Kanuni za Redio kinaweka kikomo cha nguvu inayofika ardhini kwa kila mita ya mraba, ndani ya kila 4 kHz. Kwa 2200–2300 MHz ni −154 dBW pale mawimbi yanapofika kwa pembe ya nyuzi 0 hadi 5, kinapanda kidogo kidogo, na kuanzia nyuzi 25 hadi 90 ni −144.

Wati 2 ni 3 dBW. Ongeza antena 6, unapata 9 dBW. Ukizigawa kwenye 1 MHz, kila 4 kHz inabaki na −15 dBW. Kutawanyika kwa mawimbi kwa kilomita 550, chombo kikiwa utosini, ni 125.8 dB. Jibu ni −140.8. Umezidi kikomo cha −144 kwa 3.2 dB.

Na hapo nimekuhurumia. Ukitumia kichujio chenye mteremko wa 0.35, upana wa 1 MHz unabeba alama (vipande vya mawimbi vinavyobeba data) 740,000 tu kwa sekunde, na katikati ya mawimbi msongamano ni nguvu gawanya kwa kasi ya alama, si kwa upana mzima. Hiyo inakuongezea 1.3 dB: −139.5. Umezidi kwa 4.5. Kosa la kugawa kwa upana wote liko kwenye majalada mengi, na nchi zinazojua kazi hulikamata kwenye maoni.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kushusha nguvu hadi nusu wati, upate −145.5, kisha urudishe hizo 6 dB ardhini kwa dishi lenye kipenyo mara mbili. Ya pili ni kubaki na wati 2 na kupandisha kasi ya alama juu ya milioni 2.1 kwa sekunde. Kama data haitoshi kujaza kasi hiyo, tumia usimbaji wa kurekebisha makosa wa nusu kwa nusu. Alama zinakuwa mara mbili na upokeaji unaboreka pia. Binafsi ningekwenda na dishi. Lipo chini, unalifikia kwa ngazi.

Mitego miwili hapo hapo. Setilaiti itashuka mwaka hadi mwaka. Ikifika kilomita 400, kutawanyika ni 123 dB, kwa hiyo nguvu ile ile inafika ardhini ikiwa juu kwa 2.8 dB, na nusu wati yako iliyopita kwenye karatasi haipiti tena. Piga hesabu kwa kimo cha chini kabisa utakachofanyia kazi, au weka ngazi za nguvu zinazobadilishwa kwa amri.

Wa pili ni mbaya zaidi: mtambo ukiwa hauna data, redio nyingi hutuma mawimbi matupu. Nguvu yote inaingia kwenye 4 kHz moja. 9 ukitoa 125.8 ni −116.8, umezidi kikomo kwa 27 dB! Weka kivurugaji cha data (kinachochanganya biti ili nguvu isikae sehemu moja) kikiwa kimewashwa muda wote, na fremu za kujaza pale ambapo hakuna picha. Kwenye jalada eleza hivyo kwa sentensi moja, utapunguza maswali.

Usiweke masafa ya kati karibu na 2290 pia. Hapo juu, 2290–2300 MHz, ndipo vyombo vya anga za mbali vinasikilizwa, na wenyewe hawana utani.

---

uoto_3U aliandika:

Asanteni sana wakuu. Basi UHF tunaiacha. Lakini bila UHF amri zipite wapi? Nimeona 449.75–450.25 MHz inatajwa kwa kupandisha amri, na pia 148 MHz. Na kuna aliyeniambia tutumie Azimio 32 kwa sababu ni "njia ya mkato".

---

mratibu_masafa alijibu:

449.75–450.25 ipo kweli, namba 5.286, ila kwa sharti la makubaliano chini ya 9.21. Ukishaingia 9.21 umeacha njia ya API pekee na kuingia kwenye uratibu: kuomba ridhaa ya kila nchi inayoweza kuathirika. Kwa miezi 16 usiiguse.

Azimio 32 ni la mkutano wa dunia wa redio wa ITU wa 2019, kwa misheni za muda mfupi: setilaiti zisizozidi 10, muda usiozidi miaka 3, na bendi zisizohitaji uratibu. Faida yake kubwa ni kwamba notisi ya usajili inapelekwa baada ya kurusha, ndani ya miezi miwili tangu masafa yaanze kutumika. Kwa anayepanda roketi ya wengi hilo ni jambo zuri, maana obiti hubadilishwa dakika za mwisho, na notisi inayotaja kimo kimoja wakati chombo kiko kingine ni kazi mara mbili.

Hasara: miaka 3 ikiisha, imeisha. Hakuna nyongeza. Kwa kilomita 550 chombo chenu kinaweza kuwa hai bado, kamera inapiga picha, na hamna haki ya kutuma. Kama mnataka data ya miaka mitano, nendeni na API ya kawaida, taja miaka mnayoitaka, na notisi ipelekwe obiti ikishajulikana. Kisheria notisi inakubalika hadi miaka 3 kabla ya kuanza kutumia, kwa hiyo hamna haja ya kuiwahisha.

Kuhusu 137–138 MHz kushuka na 148–149.9 MHz kupanda: mkutano huo huo wa 2019 uliziweka kwa amri na telemetri za misheni hizo fupi, na ukizitumia chini ya Azimio 32 hauhitaji 9.21. Ila robo ya wimbi ni kama nusu mita. Kwenye 3U ni utepe wa kukunjua, jambo linalowezekana, na ni kitu kimoja zaidi cha kugoma.

Pendekezo langu: kila kitu S-bendi. Amri zipande 2025–2110 MHz, telemetri na picha zishuke 2200–2290. Pande zote mbili hazihitaji uratibu wa setilaiti kwa kazi yenu. Kwenye jalada weka aina ya kituo ET kwa uendeshaji na EW kwa uchunguzi wa dunia. 

---

mpaka_na_minara alijibu:

Nyongeza kuhusu kituo cha ardhini, ambacho kila mtu hukisahau. Arusha iko jirani na Kenya, na 2025–2110 MHz inatumiwa pia na viungo vya redio vya ardhini. Chora eneo la uratibu (mahali ambapo mawimbi yako yanaweza kuwasumbua wengine) kwa Kiambatisho cha 7 cha Kanuni za Redio kabla ya kumwaga zege. Likivuka mpaka, TCRA italazimika kuzungumza na CA, na hilo lina muda wake. Antena isitume chini ya nyuzi 3 juu ya upeo wa macho, na nguvu kuelekea upeo isizidi 40 dBW kwa kila 4 kHz. Mlima wa upande wa kaskazini ni rafiki yako hapo, mradi usikate mapito mengi. Pima pembe zake na uziwasilishe pamoja na hesabu.

Ada: jedwali la Uamuzi 482 wa Baraza la ITU limekuwa na faranga 570 za Uswisi kwa API isiyo na uratibu na faranga 7,030 kwa notisi yake, thibitisha kwenye toleo linalotumika sasa. Kila nchi ina haki ya jalada moja bila ada kwa mwaka, kwa hiyo waulizeni TCRA kama la mwaka huu limeshatumika. Ankara ina miezi 6. Isipolipwa jalada linafutwa, na idara ya fedha ya chuo inaweza kukaa na ankara muda huo wote bila kuona ubaya. Wekeni fedha hiyo kwenye bajeti mapema.

Kwa wanaodhani yote haya ni makaratasi tu: Januari 2018 kampuni ya Swarm Technologies ilirusha vijisetilaiti vinne kutoka India wakati FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ilikuwa imewanyima kibali. Desemba mwaka huo walikubali kulipa dola 900,000. Tangu hapo wauza nafasi za roketi hawacheki na mtu, na ndiyo maana mwenzenu anataka leseni miezi 6 kabla.

---

desibeli_tatu alijibu:

La mwisho kutoka kwangu, maana maoni ya nchi nyingine huwa yanaliuliza: namba 22.1 ya Kanuni za Redio inataka chombo kiweze kunyamazishwa mara moja kwa amri. Kwenye karatasi kila mtu anaandika "ndiyo". Tatizo liko kwenye programu. Unatuma amri ya kuzima kitumaji, kinazima, kisha kompyuta inajiwasha upya kwa sababu ya mionzi au betri, inasoma mipangilio ya awali, na kitumaji kinaanza kuimba tena. Hali ya "nyamaza" lazima iandikwe kwenye kumbukumbu isiyofutika, nakala tatu, isomwe kabla kitumaji hakijapewa umeme. Na kipokezi cha amri kisizimwe kamwe, hata betri ikiwa chini.

Jaribio lake ni rahisi: tuma amri ya kuzima, chomoa betri, rudisha, subiri mizunguko miwili ya kujiwasha, angalia kwenye kichambuzi cha mawimbi. Kikiwa kimya, ambatanisha matokeo kwenye majibu yenu ya API.