Mjadala: Aliyepigwa risasi atibiwe kwanza au angoje karatasi ya polisi?

Mkaazi wa Mtongwe: Wana Mombasa, hili nalileta kwenu. Kuna hospitali za binafsi ambazo mtu akifika anavuja damu ya risasi, swali la kwanza ni "OB namba iko wapi?", yaani namba ya kitabu cha matukio cha polisi, la pili ni pesa za mbele. Mimi nauita uuaji. Katiba kifungu cha 43(2) chasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mwaonaje?

Karani wa Ganjoni: Katiba hailipi bili. Hospitali ikimpokea jambazi, kesho askari wamejaa wodini na daktari aitwa kortini kila mwezi. Polisi waje kwanza. Na tusemezane ukweli, wengi hufika wameshakata roho kwa sababu ya hawa bodaboda wanaowakunja kama magunia ya mchele.

Muuguzi wa Zamu: Karani, kuarifu polisi ni jambo moja, kuwangoja ni jingine. Mmoja apiga simu, wengine wako na mgonjwa. P3 si kibali cha matibabu. Ni fomu ya ushahidi, hutoka kwa polisi, na daktari huijaza hata baadaye kwa kusoma faili. Sheria ya Afya ya 2017, sehemu ya 7, yaweka faini hadi shilingi milioni 3 kwa hospitali iliyo na uwezo ikakataa dharura. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, dakika chache zatosha kummaliza.

Mwenyekiti wa Steji, Likoni: Hayo ya P3 nawaachia. Mimi nataka Karani afute kauli. Saa nane za usiku risasi ikilia Shika Adabu, ni nani hufika kwanza? Ni sisi. Twafunga leso juu ya jeraha, mbio feri, mpaka hospitali kuu ya Makadara. Magunia gani?

Muuguzi wa Zamu: Mwenyekiti, heshima yako iko palepale, lakini hiyo leso ndiyo nina neno nayo. Ikilegea hufunga mishipa ya kurudisha damu tu, ile ya kupeleka yaendelea kusukuma, na mgonjwa avuja zaidi kuliko asingefungwa. Ikunje ibaki na upana wa sentimita 4 au zaidi. Kamba nyembamba hukata nyama. Iweke sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, isikae kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe. Tia kijiti kigumu, zungusha mpaka damu ikome kabisa, kisha funga kijiti kisirudi. Atalia kwa maumivu, usimlegezee. Andika saa kwenye ngozi yake, maana baada ya saa 2 mguu waanza kuwa hatarini.

Binti Kisauni: Na kinena je? Kwapa? Hapo leso haina pa kushika.

Daktari wa Upasuaji: Hapo wajaza. Shashi, au kitambaa safi, kisukumwe kwa kidole mpaka chini kabisa damu inakotoka, kisha ukandamize kwa mikono miwili dakika 10 bila kuchungulia. Kuchungulia ndiko huvunja donge la damu. Kifua na tumbo msijaze kitu. Na shingo zisifungwe kola, ule mkanda mgumu wa kuzuia shingo, ovyo: risasi si ajali ya gari, na kama hakuna dalili ya ganzi au kupooza, kola yapoteza muda na huficha jeraha.

Karani wa Ganjoni: Twafundishana kuwahudumia majambazi sasa. Na hizo hospitali ndogo mnazozilaumu zina uwezo gani? Hata risasi hawawezi kuitoa, na kila mtu ajua isipotolewa sumu huenea.

Daktari wa Upasuaji: Kila mtu ajua uongo basi. Risasi iliyotulia kwenye nyama mara nyingi huachwa. Hutolewa ikiwa kwenye kiungo, maana maji ya kiungo huiyeyusha polepole na madini yake yakaingia damuni. Au ndani ya jicho, au ndani ya mshipa wa damu. Kinachoua ni damu, na hapo hospitali ndogo ina kazi tele. Hesabu matundu, geuza mgonjwa, tazama makwapa na kinena. Kanula 2 kubwa, yaani mirija ya kuingiza dawa mshipani. Traneksamiki asidi, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu aumie. Dripu kidogo tu: namba ya juu ya presha ikifika 80 hadi 90 yatosha, isipokuwa ana jeraha la kichwa. Ukimjaza maji wayeyusha damu yake na kung'oa donge. Kisha mpe rufaa. Hakuna hatua hapo inayohitaji OB.

Wakili wa Mzizima: Niongeze kwa madaktari, maana kesi hufia hapa. Msikate nguo kupitia tundu la risasi. Nguo ziende kwenye mfuko wa karatasi, plastiki huozesha damu. Risasi ikitolewa isishikwe kwa koleo tupu la chuma, hukwaruza alama za bunduki. Na akipigwa na polisi, Jedwali la 6 la sheria yao ya 2011 lawataka wao wenyewe watoe msaada wa matibabu mara moja.

Karani wa Ganjoni: Wakili, andika kitabu. Mimi nilisema polisi wajue, basi.

Muuguzi wa Zamu: Ulisema waje kwanza. Maneno yako yako hapo juu.

Mwenyekiti wa Steji, Likoni: Daktari, niulize la maana. Aliyepigwa kifuani kwenye pikipiki namwekaje?

Daktari wa Upasuaji: Usimweke. Tafuta tuktuk. Akiwa na fahamu mwache akae jinsi apumuavyo vizuri. Akizirai, mlaze kwa upande ulioumia, pafu lisiloumia liwe juu. Ukiwa umeziba tundu na akaanza kuhema mbio, zibua, hewa imebanwa ndani.

Mwenyekiti wa Steji, Likoni: Tuktuk, sawa, nitawaambia vijana. Karani, bado nakungoja ufute yale ya magunia.

Karani wa Ganjoni: Sifuti.