Florida waliiongezea muda kinga ya nyumba za wazee dhidi ya kushtakiwa, nimechoka kunyamaza

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mnisamehe. Na mods, msiuhamishie jukwaa la afya, hili ni suala la sheria.

Mimi ni mbeba maboksi, yaani mfanya kazi za mikono ughaibuni, niko Jacksonville, Florida, mwaka wa 9 huu naosha na kugeuza wazee. Februari 24, 2022, gavana Ron DeSantis alitia saini kuiongeza mpaka Juni 1, 2023 ile kinga ya watoa huduma za afya wasishtakiwe kirahisi kwa mambo ya corona. Ya kwanza aliisaini Machi 29, 2021, tukaambiwa ni ya mwaka mmoja tu, ya muda. Kumbe muda wenyewe ni wa mpira.

Na ni huyuhuyu aliyeiacha hali ya dharura ya jimbo iishe Juni 2021! Baa zimejaa, ufukweni hakuna pa kutandika taulo. Corona imeisha kila mahali, imebaki mahakamani tu.

Sasa sikilizeni ilivyofanya kazi. Mzazi wako akifa na corona mikononi mwa watoa huduma hao, uzembe wa kawaida ulikuwa hauhesabiki. Ilibidi uthibitishe uzembe uliokithiri, au makusudi. Na hati ya mashtaka ilibidi iwe na maelezo ya kina ya kilichotendeka, la sivyo kesi ilitupwa. Hapo kwenye "maelezo ya kina" ndipo ninapovimba, kwa sababu tangu Machi 2020 mpaka Septemba ndugu walipigwa marufuku kuingia.

Kulikuwa na bibi mmoja chumba cha mwisho kwenye korido. Binti yake alikuja kila Jumapili, anasimama nje katikati ya maua, simu sikioni. Ndani simu namshikia mimi, maana mikono ya bibi ilikuwa inatetemeka. Binti anauliza, "Mama, wanakugeuza?" Bibi ananitazama mimi. Nilikuwa na barakoa ya siku ya 6, nikitoka kazini naiweka kwenye bahasha ya kaki yenye jina langu, kesho naivaa tena inanuka kama soksi. Na barakoa hiyohiyo ndiyo niliyotoka nayo chumba cha jirani, kwa mzee aliyekuwa anakohoa usiku kucha.

Bibi alifariki Agosti. Haya, binti aandike nini kwa kina? Rangi ya pazia?

Alienda kwa wakili. Wakili alimsikiliza vizuri, akampa na maji, kesi hakuichukua. Kesi za kawaida za uzembe wa hospitali hapa una miaka 2, hizi za corona waliweka mwaka mmoja, na kwa waliofariki kabla ya sheria dirisha lilifungwa Machi 29, 2022. Ndiyo basi tena.

Halafu kuna utetezi mwingine mtamu: walikosa vifaa au wafanyakazi kwa sababu ya upungufu ulioenea. Sawa, 2020 upungufu ulikuwepo kweli, nimeuona. Lakini bunge hilohilo, kikao hichohicho cha 2022, lilipunguza muda ambao sisi wasaidizi wa wauguzi tunapaswa kumhudumia kila mzee kwa siku, kutoka saa 2 na nusu hadi saa 2. Gavana alisaini Aprili. Nusu saa mnaiona ndogo? Nusu saa ni kumlisha mzee asiyemeza vizuri, kijiko kimoja kimoja, bila kumpalia.

Wafanyabiashara nao wamekumbukwa. Ukitaka kulishtaki duka au mgahawa, uende na kiapo cha daktari mwenye leseni ya Florida kwamba waliokuambukiza ni wao. Daktari gani ataapa kwamba corona uliipata dukani na si kwenye basi? Jimbo jirani la Georgia walirahisisha zaidi, walikuwa wanabandika tangazo mlangoni, herufi za inchi nzima, kwamba ukiingia ukaambukizwa hawadaiwi. Shemeji yangu alilisoma akiwa amebeba mtoto, akaingia, angefanyaje, maziwa yalikuwa ndani.

Najua kuna watakaokuja kusema bila kinga nyumba zingefungwa, mashujaa wangeburuzwa mahakamani. Shujaa mwenyewe ndiye mimi, na sijawahi kuulizwa. Niliyekuwa naomba gauni la kujikinga nikapewa koti la mvua, kisha jina langu ndilo lililotumika kuwakinga wenye majengo. Manesi waliokesha sina ugomvi nao hata kidogo, wengine tumewazika.

Wanasheria wa humu mlioko Marekani, hivi huyo binti hana hata mlango wa nyuma? Nitasoma majibu asubuhi. Saa 5 usiku naingia zamu, tuko wasaidizi wawili kwa wazee 40, na kwa sheria ya hapa hiyo idadi ni halali kabisa.