Wakodishaji wa kempa Uganda: kitanda si kiti, na mama yangu si mzigo

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Siku hizi hapa Kampala mwenye vani kuukuu anang'oa viti, anatia godoro, sinki na jiko la gesi, anapiga picha ya machweo ya ziwa Bunyonyi, kisha anaikodisha kwa jina la kempa. Tangazo linasema "watu sita". Ukimbana akueleze hao sita wanafanya nini, utakuta ni sita wanaolala. Hakuna aliyehesabu ni wangapi wanaweza kukaa gari likiwa mwendoni, wamefungwa mkanda, wakafika wazima. Usiku gari limesimama, halimgongi mtu. Mchana ndiyo tunasafiri, na huo mchana hawakuupangia chochote.

Sisi tulichukua letu kwa kampuni moja ya hapa mjini. Siitaji, nimeshawaandikia wenyewe na majibu yao mtayaona hapa chini. Tulikuwa tunakwenda Kabale, ndiko liliko ziwa Bunyonyi: mume wangu akiendesha, mimi pembeni yake, na nyuma mama yangu mzazi kutoka Bombo, mdogo wangu na watoto. Mama alikuwa na hamu ya kuiona Bunyonyi tangu zamani. Miguu yake inavimba akikaa sana, ndiyo maana nikachagua gari ambalo angeweza kujinyoosha tukisimama. Niliwaeleza hilo kabla ya kulipa. Wakaniambia, "Nyabo (mama, kwa Kiganda), humo ndani ni kama sebuleni."

Mbele kuna viti viwili vya kiwandani vyenye mikanda ya kweli. Nyuma ni benchi refu ubavuni: unakaa ukitazama kabati na jiko, bega ndilo linaelekea mbele. Benchi lenyewe ni plaiwudi juu ya vipande vya mbao, chini yake betri. Mikanda ipo, ya kiunoni tu, na niliiona asubuhi ile nikaridhika kwamba ipo. Tulipofika Mbarara niliinua godoro kutafuta kiatu cha mtoto, nikaona ilivyofungwa. Skrubu za mbao! Zimeingia kwenye plaiwudi, zikaishia humohumo. Hakuna boliti, hakuna bamba la chuma kwa chini, hakuna mahali mkanda umeshika bodi wala chasisi. Niliushika mmoja nikauvuta kwa mikono miwili, skrubu ikacheza.

Sasa fanyeni hesabu. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 hivi kila sekunde. Mtu asiyeshikwa na kitu, gari likigonga na kusimama ghafla kwa mwendo huo, anakwenda kupiga kilicho mbele yake kwa nguvu ya mtu aliyeanguka kutoka mita 25 juu, yaani ghorofa ya nane hivi. Hata kwa 50, mwendo wa kupita kwenye vituo vya biashara, ni kama kuanguka kutoka karibu mita 10. Hiyo ndiyo nguvu ambayo skrubu ya kabati ilitegemewa kuizuia, ikiwa imembeba mama yangu. Na anayerushwa kutoka nyuma haumii peke yake, anakuja na uzito wake wote kwenye migongo ya waliokaa mbele.

Hata kama mkanda ule ungekuwa umefungwa sawasawa, kukaa ubavu ni hatari yenyewe. Mkanda wa kiunoni unakushika nyonga, lakini gari likigonga kwa mbele kiwiliwili kinapinda kwenda upande, shingo inafuata, kichwa kinatafuta kona ya kabati. Mwili haukuumbwa kupokea kishindo hivyo. Umoja wa Ulaya tangu Oktoba 2007 hauruhusu magari mapya ya abiria ya kawaida kufungwa viti vya kutazama ubavu, ukiacha ya kazi maalumu kama ambulansi. Mkanda wa pointi tatu, ule wa kupita begani na kiunoni, Nils Bohlin wa Volvo aliubuni mwaka 1959, na kampuni yake ikawaachia watengenezaji wengine wautumie. Miaka zaidi ya 60! Na vani hizi zinapoingia nchini, nyingi zina angalau safu moja ya viti vya nyuma vinavyotazama mbele, vyenye mikanda iliyofungwa na watu waliopima. Mtu anaving'oa, anaviuza, anaweka benchi la seremala, halafu anapandisha bei kwa sababu sasa gari lina sinki.

Mama alianza kuona kizunguzungu kabla hatujamaliza Mpigi. Ukikaa ubavu huoni njia, kila kona inakuchukua bila kukuarifu. Dirisha la upande wake lilikuwa limefungwa kwa silikoni, halifunguki. Feni ya darini haikufanya kazi. Kwenye ule mnyooko wa Lwera, malori yanapishana na sisi gari likiyumba kwa upepo wao, akawa ameshika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili maana benchi halina pa kuegemeza kichwa wala pa kushika. Tulisimama Lukaya ili apate hewa, watoto wakala gonja, ndizi za kuchoma, yeye hakuweza hata maji. Mwanamke wa umri wake, aliyelipiwa safari ya raha, anatapika kando ya barabara ya Masaka mbele ya wachuuzi. Hiyo picha haipo kwenye tangazo lao.

Kisha Lyantonde. Tuta moja, mume wangu hakuwa na kasi, lakini vani lilikuwa limelemewa nyuma: tangi la maji la lita 100 lipo nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, na lita 100 za maji ni kilo 100. Ongeza betri, mtungi, friji, watu. Nyuma ikapiga chini, ikarudi juu, na kabati la juu likafunguka. Linashikwa na visumaku vidogo kama vya kabati la jikoni nyumbani. Sufuria mbili zikatoka. Moja ilimpiga mwanangu juu ya nyusi. Damu ilijaa shati lote. Tukatafuta zahanati, akashonwa. Daktari alisema ingeshuka kidogo tu tungekuwa tunazungumza habari ya jicho.

Nikawapigia simu wenye gari nikiwa bado nimemshika mtoto.

"Nyabo, kwani mmepata ajali?"

"Hapana, mtoto ameumia, kabati limefunguka."

"Basi hiyo ni sufuria, si gari. Sufuria mlitakiwa mzipange vizuri."

Nikamwambia na mama yangu hawezi tena kukaa kwenye lile benchi. Akanijibu, "Mlazeni, si kuna kitanda?" Na watoto je? "Wapandisheni kile cha juu, watalala, hawatawasumbua." Kitanda cha juu, chini ya paa, bila wavu, bila mkanda, gari likiwa barabarani! Hakuuliza mtoto amepata jeraha gani. Nasema hivi kwa uchungu: mtu anayetoa ushauri huo kwa mzazi asikabidhiwe hata baiskeli ya kukodisha.

Usiku ule tulilala gesti Mbarara na mume wangu akalikagua gari kwa tochi, jambo ambalo wenye gari walipaswa kulifanya. Tairi za nyuma zilikuwa na kashata nzuri, ukitazama kwa juu utasema mpya. Lakini ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zetu ziliandikwa 1113. Wiki ya 11 ya mwaka 2013. Mpira huzeeka hata usipotembea, unakauka, unapasuka kwa ndani, na ukibebeshwa mzigo kwenye lami ya jua la mchana ndipo unafyatuka. Tafadhali, kabla hujasaini mkataba wowote, inama usome zile tarakimu.

Gesi ndiyo iliyonikosesha usingizi zaidi. Mtungi ulikuwa ndani ya kabati la chini, umefungwa kwa kamba ya katani, na mpira wake una nyufa ukiukunja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kwenda kwenye feni, inashuka na kutanda sakafuni. Ndiyo maana kabati la mtungi kwenye gari linatakiwa lizibwe upande wa chumbani na liwe na tundu chini kabisa la kuitoa nje. Letu halikuwa na tundu. Pembeni yake, chini ya benchi, ni ile betri yenye nyaya zilizounganishwa kwa kupindwa na kuzungushiwa utepe, bila fyuzi. Mlango wa kutokea ni mmoja wa kuteleza, na meza ikikunjuliwa unazibwa nusu. Nani angemtoa mama yangu humo?

Na kwenye karatasi ya maelekezo waliyotupa, wameandika kwamba Kabale kuna baridi, hivyo wageni wanaweza kuwasha sigiri ndogo ya makaa ndani, "mlango ukiwa wazi kidogo". Bunyonyi iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi yake ni ya kweli, na mtu mwenye baridi saa nane za usiku ataufunga ule mlango. Moshi wa makaa una kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, inakulaza na huamki. Hakuna mtu wa nchi hii ambaye hajasikia familia iliyokutwa imekufa chumbani kwa sababu ya sigiri. Chumba cha kawaida kina uvungu wa mlango na nafasi juu ya kenchi. Vani ni bati lililozibwa pande zote. Aliyeandika sentensi ile aifute leo, asingoje kesho.

Asubuhi mama, mdogo wangu na watoto walirudi Kampala kwa gari dogo tulilolikodi, wamekaa wakitazama mbele, wamefungwa mikanda. Mume wangu alirudisha vani peke yake polepole. Bunyonyi hatukufika. Kampuni imekataa kurudisha fedha ya siku ambazo hatukutumia, na imekata sehemu ya dhamana kwa sababu godoro lina damu. Damu ya mwanangu.

Njiani tulisimamishwa na askari wa trafiki. Alitazama leseni, akatazama mikanda ya sisi wawili wa mbele, akaturuhusu. Mlango wa nyuma hakuufungua. Gari likishaandikwa binafsi na lina pazia dirishani, hakuna anayejua nyuma wamekaa watu wa namna gani. Naomba wanaohusika na usajili wa magari ya watalii wafungue huo mlango. Wahesabu viti vyenye mkanda, waandike idadi hiyo kwenye mlango, na tangazo lisizidi hapo.

Msiniambie haiwezekani. Mafundi wa Katwe wanajenga bodi za malori kuanzia chasisi, wanajua chuma kuliko wengi wetu. Ukimwambia fundi wa pale kwamba unataka kiti kinachotazama mbele, boliti zipite sakafu hadi kwenye bamba la chuma kwa chini, mkanda ushike nguzo ya gari, atakuelewa bila kuchorewa, na gharama yake haifikii ya lile friji mnalojivunia. Komeo la kweli la kabati linapatikana dukani. Kinachokosekana ni mwenye gari kuona aibu.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu, asanteni mliompa pole mwanangu, nyuzi za kidonda zimeshatolewa.

Mdau aliyesema "mbona kwenye taksi watu wanapanda bila mikanda na hulalamiki" (taksi zetu hapa ni vani za abiria, matatu): nalalamika na hiyo pia, fungua uzi nitachangia. Lakini kiti cha taksi kinatazama mbele na kimefungwa sakafuni, na kondakta hakuwekei mtungi wa gesi chini ya miguu. Tena taksi haikuahidi kitu. Hawa walichukua fedha kubwa kwa neno usalama lililoandikwa kwenye tangazo lao.

Mwingine anasema watalii wa Kizungu wanazikodi na hawasemi. Watalii wengi wanakodi Land Cruiser lenye hema juu ya paa: wanasafiri kwenye viti vya kiwandani, usiku ndipo wanapanda hemani. Hilo ni jambo tofauti kabisa na benchi la plaiwudi, na kwa kweli kama una watu wazima wanne wenye afya ya kupanda ngazi, chukua hilo.

Kwa aliyeniuliza kama nitajaribu tena: mama bado anaitaka Bunyonyi. Kwa hiyo mwenye kempa yenye viti vinne vya nyuma vinavyotazama mbele, vyenye mikanda ya begani, aniandikie hapahapa kwenye uzi. Asinitumie picha ya kitanda. Anitumie picha ya chini ya gari, palipo na boliti, na ya ubavu wa tairi zote nne tarakimu zikisomeka.