SUK Zanzibar si hisani ya mtu, acheni kutudanganya

Wakuu, nimevumilia weee, leo basi. Kila ikitajwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa (SUK) ya Zanzibar lazima azuke mtu atwambie tushukuru, rais kawapa wapinzani wizara, rais muungwana, rais kifua chake kipana. Kawapa! Utadhani katoa mfukoni mwake. Nyinyi watu tarehe 31 Julai 2010 mlikuwa wapi?

Siku hiyo Wazanzibari tulipiga kura ya maoni na asilimia 66.4 tukasema ndiyo. Haikuwa siku ya kuchagua mtu, ilikuwa siku ya kuamua tutawaliwe vipi. Agosti Baraza la Wawakilishi likapitisha marekebisho ya kumi ya Katiba: cheo cha Waziri Kiongozi kikafutwa, wakaja Makamu wawili. Wa Kwanza anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili, wa Pili anatoka chama cha Rais, na mawaziri wanateuliwa kwa uwiano wa viti vya vyama Barazani. Hiyo ni Katiba. Rais anayemteua waziri wa chama kingine anatekeleza alichokiapia, kama vile anavyolazimika kupeleka bajeti Barazani. Mbona kwa bajeti hamtwambii tumpigie makofi?

Na kufika hapo hatukufika bure. 1995 Salmin Amour wa CCM katangazwa rais kwa asilimia 50.2, Maalim Seif wa CUF, chama cha upinzani, 49.8. Nchi imepasuka katikati kabisa, na aliyetangazwa akachukua kila kitu mpaka ufagio. Muafaka wa kwanza wa vyama hivyo viwili ukasainiwa Juni 1999 kwa usimamizi wa Jumuiya ya Madola, ukabaki karatasi. Ukaja uchaguzi wa 2000, zikaja tarehe 26 na 27 Januari 2001, watu wakapigwa risasi kwenye maandamano, na wenzetu wa Pemba zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kwenda kuwa wakimbizi Shimoni, Kenya. Wazanzibari, wakimbizi! Muafaka wa pili Oktoba 2001, nao ukaishia njiani. Mpaka tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walipokaa Ikulu wakazungumza wenyewe kwa wenyewe. Sasa mtu anakuja na simu yake mkononi anaiita hisani.

Halafu kuna wale wanaosema serikali ya vyama kushirikiana ni kitu kipya Zanzibar, kwa hiyo tuwe na subira, bado tunajifunza. Kipya? Uchaguzi wa Januari 1961 vyama vilikuwa vitatu: ASP ilipata viti 10, ZNP 9, ZPPP 3. ZPPP wenyewe wakagawanyika, wawili huku mmoja kule, ikawa 11 kwa 11, serikali haiundiki. Wakaongeza jimbo moja, wakarudia Juni: ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3. ZNP na ZPPP wakaungana, Mohamed Shamte wa ZPPP akawa mkuu wa serikali. Chama cha viti vitatu! Na fujo za siku zile ziliua watu 68. Julai 1963 ikawa vilevile: ASP karibu asilimia 54 ya kura lakini viti 13 kati ya 31, ZNP 12 na ZPPP 6 wakatawala wao, wakapokea uhuru tarehe 10 Disemba, na tarehe 12 Januari 1964 yakaja mapinduzi, yakawa yaliyokuwa.

Sisemi ule ndio mfano wa kuigwa, astaghfirullah. Kupata kura zaidi ya nusu ukakalishwa pembeni ni dhuluma, na tuliona ilikotupeleka. Ninachokisema ni hiki, na nataka mkijibu: mwaka 1961 Shamte na viti vyake vitatu akiondoka, serikali inaanguka. Mwaka 2010 CUF ilikuwa na viti 22 kati ya 50, CCM 28, Maalim Seif kapata asilimia 49.1 dhidi ya 50.1 za Dk. Shein. Je, CUF wangetoka serikalini, kingeanguka nini? Hakianguki kitu. Rais kachaguliwa moja kwa moja, Baraza la Mapinduzi, yaani baraza la mawaziri, yeye ndiye mwenyekiti, anakaa mpaka muda wake uishe. Mshirika ambaye kutoka kwake hakumshtui mwenziwe hana cha kujadiliana nacho. Hapo ndipo palipooza, na hapo ndipo hakuna anayetaka kupagusa.

Angalieni basi walivyogawana. CUF walipata Afya, Biashara, Miundombinu, Katiba na Sheria, na nyengine. Wizara za kazi, sikatai. Lakini Fedha ilikuwa kwa nani? Ardhi kwa nani? Tawala za Mikoa na Idara Maalum, yaani wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya, masheha wanaosimamia shehia za mitaani, na vikosi vya KMKM, Valantia na JKU, hiyo ilikuwa kwa nani? Ofisi ya Makamu wa Kwanza, yaani ya Maalim Seif, ikawekewa mazingira, ukimwi, dawa za kulevya na watu wenye ulemavu. Mambo mazito, tena yana wagonjwa wetu na jamaa zetu ndani yake, lakini mtu aliyepata karibu nusu ya kura zote hakupewa hata shehia moja ya kusimamia. Na waziri wa CUF akiingia ofisini anamkuta Katibu Mkuu aliyeteuliwa na Rais.

Sisi wa chini Baraza la Mapinduzi hatulioni. Tunamuona sheha. Mtoto wa dada yangu kazungushwa na sheha wetu kwa barua ya kuombea kitambulisho cha Mzanzibari, kile ambacho bila yake huandikishwi kupiga kura. Leo sheha kaenda shamba. Kesho muhuri hauna wino. Kesho kutwa, "wewe hapa sikujui", na mtoto kazaliwa nyumba ya tatu kutoka barazani kwake! Wakati huo huo kwenye televisheni viongozi wa vyama viwili wanakata utepe pamoja, wanacheka. Umoja wa Kitaifa ulishuka ngazi ukakwama mlango wa mkuu wa mkoa, kwa sababu Katiba haikumlazimisha mtu kugawana kuanzia pale kwenda chini.

Nikumbushe na la meli. Spice Islander ilizama Septemba 2011, Skagit ikazama Julai 2012. Baada ya Skagit, Waziri wa Miundombinu Hamad Masoud, wa CUF, akajiuzulu. Alifanya la kiungwana. Nitajieni wa upande wa pili aliyewahi kujiuzulu kwa ajili ya maiti zetu, nangoja.

2015 sitaki kuirefusha, damu itapanda. Tarehe 28 Oktoba Jecha, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, kafuta uchaguzi mzima, Machi 20, 2016 ukarudiwa, CUF wakasusa, Dk. Shein akapata asilimia 91.4. Kwa kuwa Makamu wa Kwanza lazima chama chake kifikishe asilimia 10 na hakuna aliyefikisha, kiti kikakaa kitupu mpaka 2020. Badala yake akateuliwa kuwa waziri Hamad Rashid wa chama cha ADC, aliyepata kama asilimia 3, na wengine wawili wa vyama vidogo, tukaambiwa umoja upo. Upo wapi? Waliochaguliwa na nusu ya nchi wako nje, ndani wameingizwa wasio na hata jimbo.

2020 mnaikumbuka. Dk. Mwinyi wa CCM asilimia 76.27, Maalim Seif, safari hii wa ACT-Wazalendo, 19.87, kwa hiyo mlango ukafunguka tena. Dk. Mwinyi katangaza baraza, kaacha wizara mbili wazi. Maalim kaapishwa Disemba 8, Februari 17 mwaka uliofuata katutoka, Mungu amrehemu, nafasi akaishika Othman Masoud. Nassor Mazrui wa ACT, aliyekuwa mikononi mwa polisi baada ya uchaguzi, akawa Waziri wa Afya. Kutoka mahabusu hadi uwaziri katika msimu mmoja, na mnataka tuiite maridhiano bila kuuliza swali!

Mimi sipingi SUK. Niliipigia kura ya ndiyo na ningeipiga tena kesho asubuhi. Nataka iandikwe upya yenye meno: mgawanyo ushuke mpaka mikoani na wilayani, masheha wachaguliwe na watu, na Makamu wa Kwanza awe na jambo ambalo Rais hawezi kulifanya bila sahihi yake. Na anayeona hii ni zawadi ya mtu, aweke hapa ibara ya Katiba inayosema hivyo, na nambari yake. Matusi pelekeni uzi mwengine.