Tupeane uzoefu: Kingereza cha chuo ulifundishwaje, na pepa ilipima nini hasa?

mtoto_wa_kata: Wakuu habari za jioni. Leo tuongelee Kingereza cha chuo, sio kile cha kuombea chenji. Sisi wa shule za kata msingi tulisoma Kiswahili halafu form one ghafla baiolojia ung'eng'e, tukasogea hivyo hivyo kwa kukariri mpaka chuo. Mwaka wa kwanza tukapewa Communication Skills, kozi ya lazima, ukumbi umejaa hadi wengine wamekaa kwenye ngazi. Ikaja UE, mtihani wa mwisho wa semesta: eleza maana ya mawasiliano, taja vizuizi vitano vya mawasiliano, aya ni nini na ina sehemu zipi. Nikamwaga desa lote nikala A. Semesta ya pili lekcha wa sosholojia anataka insha ya kurasa nne yenye vyanzo, nimekaa na peni usiku kucha sentensi ya kwanza haiji. Yaani sehemu za aya nakutajia hata usingizini ila kuandika aya yenyewe hamna. Kwenu ilikuwaje? Na waliopiga IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kingereza, mje, nimeambiwa kwa ninakotaka kwenda itahitajika.

Bi_Chaki: Mdogo wangu mimi ndo nafundisha hiyo kozi, chuo sitaji. Hiyo pepa ya taja na eleza ina sababu yake, na sababu ni idadi. Insha moja uisome vizuri na uandike maoni pembeni inakula dakika ishirini, sasa una wanafunzi mia nne na kozi nyingine mbili, utalala saa ngapi? Kwahiyo linawekwa swali linalosahihishika. Na tatizo lenyewe la zamani, Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha Communication Skills kilianza 1978, tume ya elimu ya Makweta 1982 ikashauri sekondari ihamie Kiswahili serikali ikakataa, 1984 Waingereza wawili Criper na Dodd wakaandika ripoti kwamba Kingereza cha wanafunzi hakitoshi kusomea masomo mengine. Miaka yote hiyo na bado tupo palepale.

Nilichobadilisha mimi ni semina. Nawapa makala ya kurasa mbili, wasome, wageuze karatasi, ndo waandike kwa sentensi tatu mwandishi anadai nini. Mwanzoni walikuwa wananirudishia sentensi za mwandishi neno kwa neno na karatasi imegeuzwa! Kichwa cha kukariri wanacho jamani. Binti mmoja akaandika kwanza kwa Kiswahili halafu akahamishia kwa Kingereza, sarufi yake imepinda hapa na pale lakini hoja aliielewa, na nusu ya waliokopi ukiwauliza mwandishi anabishana na nani wanakuangalia tu. Tokea hapo naruhusu wabishane kwa Kiswahili waandike kwa Kingereza. Mkuu wa idara alininunia kidogo, yakaisha.

Mnyamwezi_UK: Nije kwenye IELTS. Ile ni mtihani wa mbinu na muda kuliko watu wanavyodhani. Kusoma ni vifungu vitatu, maswali 40, dakika 60 basi. Kuna maswali ya kweli, si kweli, haijatajwa, hayo ndo yanaua wasomi. Kwenye mazoezi nilikutana na kifungu cha nyuki, mimi mtoto wa Tabora asali naijua, sentensi ile kwetu ni kweli tupu ila kifungu hakijasema, kwahiyo jibu ni haijatajwa. Wanataka usome kilichoandikwa, ya kwenu uyaache nje ya mlango.

Kuandika kuna kazi mbili ndani ya saa moja. Ya kwanza ni grafu au jedwali, maneno yasiyopungua 150, na usieleze sababu kama tulivyozoeshwa kwenye jiografia, eleza kinachoonekana tu. Ya pili insha ya maneno yasiyopungua 250 na ndo ina uzito mara mbili, wengi wanaipa muda mchache. Kuongea ni dakika 11 mpaka 14 na hapo malezi yetu yanatuponza, mtu mzima akikuuliza unajibu kwa kifupi na kwa adabu, sasa yule mtahini adabu yako haimpi kitu cha kusahihisha. Tiririka.

mshi_wa_bukavu: Salamu kwenu. Mimi nilisoma kwa Kifaransa kisha nikaenda Kampala kwa master. Sarufi haikunisumbua sana, kilichonisumbua ni mpango wa insha. Sisi tulifunzwa upande huu, kisha upande ule, mwisho ndipo unatoa msimamo wako. Prof wa Kampala aliandika pembeni "unasema nini?" kwenye ukurasa wa kwanza. Kumbe alitaka jibu liwe mlangoni. Kwetu ukifanya vile unaonekana hauna heshima kwa msomaji, unamunyima safari.

Kiprono_wa_Elde: Sasa nyinyi mnalia, huku Kenya tumesoma Kingereza tangu nasari na bado tunaambiwa tulipie mtihani tuonyeshe tunakijua. Hio inaniudhi sana. Ila mkuu kabla hujatoa pesa uliza hicho chuo, kuna vyenye vinakubali barua ya chuo chako kwamba ulisomeshwa kwa Kingereza.

mtoto_wa_kata: Asanteni sana. Je nikifanya mwaka huu matokeo yanakaa muda gani? Na Bi Chaki hayo mazoezi ya kugeuza karatasi naweza fanya mwenyewe geto?

Mnyamwezi_UK: Miaka 2, kwahiyo usifanye mapema hujajua unaombea wapi.

Bi_Chaki: Unaweza. Chukua tahariri ya gazeti la Kingereza, inatosha. Mtafute na mwenzako mmoja akubishie, ukiwa peke yako utajipa maksi bure. Kurasa za michezo ziache kwanza, wale jamaa kila sentensi ni fumbo.